Nyasi Kwanza, Ng'ombe Baadaye: Safari katika Mbuga za Kansas

Jumatatu: Wichita hadi Cottonwood Falls

Tuliondoka Wichita, mji wa jimbo la Kansas nchini Marekani, alfajiri, mimi na mwenyeji wangu, Mkenya aliyehamia huku zamani na ambaye ameendesha malori katika barabara zote za jimbo hili. Nimekuja kwa ajili ya malisho. Kazi yangu ni ugani wa mifugo wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kwa miaka mingi nimewaambia wafugaji wetu kwamba nyasi ndizo mtaji na ng'ombe ni faida tu inayotokana na mtaji huo. Nilitamani kufika mahali ambapo familia zimeishi kwa kanuni hiyo kizazi baada ya kizazi, nione inavyotekelezwa na inavyowagharimu wanaoifuata.

Ukielekea kaskazini mashariki, mashamba ya ngano yanakwisha ghafla na vilima vya Flint Hills vinaanza: miinuko mipole isiyo na miti, nyasi kavu za rangi ya shaba hadi upeo wa macho, lambo moja moja katika mabonde, na seng'enge inayopanda na kushuka pamoja na ardhi. Karibu na kijiji cha Bazaar kuna njia ya kutokea kwenye barabara kuu ambayo haiendi mji wowote. Inaishia kwenye mazizi, nayo imewekwa kwa ajili ya malori ya ng'ombe peke yake. Hapo nilielewa kwamba nimefika nchi ambayo ng'ombe hupangiwa mipango kabla ya watu. Kansas ina watu karibu milioni 3, na ng'ombe wake ni zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo.

Sababu ya vilima hivi kubaki na nyasi iko chini ya unyayo. Udongo ni haba juu ya tabaka za mawe ya chokaa, na ndani ya chokaa hiyo kuna gumegume ngumu iliyovunja plau za walowezi wa karne ya 19. Mbuga za nyasi ndefu zilienea kutoka Kanada hadi Texas. Leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya kilichobaki iko hapa, kwa kuwa penginepo pote plau ilipita bila kizuizi. Lakini hapakuwa patupu. Wenyeji walikuwa watu wa kabila la Kaw, waitwao pia Kansa, ambao jimbo limechukua jina lao, nao walihamishiwa Oklahoma mwaka 1873. Mwaka huohuo ulikamilika hapa Cottonwood Falls ujenzi wa mahakama ya kaunti, jengo zuri la mawe ya chokaa ambalo bado linatumika. Nilisimama mbele yake jioni nikiziwaza tarehe hizo mbili pamoja, kwa sababu kila hati ya ardhi ya ranchi nitakayoitembelea inaanzia hapo.

Jumanne: siku ya moto

Mwenye ranchi niliyoitembelea ni mzee mwenye umri wa kupata wajukuu, mfupi wa maneno, ambaye baba yake na babu yake walichunga vilima hivihivi. Alikuwa amesubiri siku hii kwa muda. Kuchoma malisho hapa hakufanywi kwa hiari ya mtu asubuhi moja: upepo uwe wa wastani, kati ya kilomita 8 na 24 kwa saa, tena usiobadili mwelekeo, hewa iwe na unyevu wa kadiri, na kabla ya kiberiti kuwashwa, ofisi ya kaunti ipigiwe simu na kuelezwa ni eneo lipi litakalowaka. Majirani walikuja na magari yao ya pikapu yenye matangi ya maji na pampu, kama ambavyo yeye huenda kwao zamu yao inapofika. Hakuna aliyelipwa. Katika nchi inayosifika kwa kila mtu kujitegemea, nimeona kwamba kazi iliyo muhimu kuliko zote haiwezekani bila ujirani.

Mzee aliokota majani makavu, akayafikicha kiganjani mpaka yakawa unga, akautazama unga ule ulivyopeperuka. Upepo ulitoka kusini. Tulianza upande wa kaskazini, ambako moto ulilazimika kwenda kinyume cha upepo, polepole, huku ukiacha mkanda mweusi usioweza kuungua tena. Mwanawe aliendesha pikipiki ya magurudumu manne akiburuta bomba la chuma lenye petroli inayochuruzika kwa matone na kuacha mstari wa moto nyuma yake. Majirani walifuata wakizima upande wa nje kwa maji. Mkanda ulipokuwa mpana wa kutosha, na pande za mashariki na magharibi zimekwisha kufungwa, ndipo wakawasha upande wa kusini. Moto ule sasa ulipata upepo mgongoni. Ulipanda kilima kwa kishindo, ukimpita mtu anayekimbia, ndimi zake zikizidi kimo cha gari, na joto lilitulazimisha kugeuza nyuso ingawa tulikuwa mbali. Ulipokutana na ule uliokuwa ukija kwa upole kutoka kaskazini ulikosa cha kula, ukafa palepale. Kilima kizima kikawa cheusi, mawe yakionekana meupe juu yake, na mwewe wakaanza kushuka kutafuta panya waliokosa pa kujificha.

Faida ya kazi hii inapimika. Majani mapya yanayochipuka juu ya majivu yana protini nyingi, na ng'ombe wadogo wanaoletwa kunenepa msimu wa kiangazi huongeza kati ya kilo 10 na 15 zaidi ya wale wanaolishwa mahali pasipochomwa. Kubwa zaidi ni kwamba moto huua miche ya mierezi myekundu. Mzee alinionyesha ng'ambo ya seng'enge shamba ambalo mwenyewe anaishi mjini na hajachoma kwa miaka mingi: mierezi imefunga, na chini yake hakuna jani la nyasi. Alisema kwamba mtu asiyechoma anawaachia watoto wake msitu usioweza kulisha ng'ombe hata mmoja.

Wapo wanaolalamika, na wana haki ya kusikilizwa. Moshi wa Aprili hufika hadi Kansas City na hata Nebraska, na tangu mwaka 2010 jimbo lina mpango wa kuwashauri wafugaji siku zipi zinafaa kuchoma. Pia kuchoma kila eneo kila mwaka kunawanyima kware wakubwa wa mbugani majani marefu wanayohitaji kwa viota. Baadhi ya wafugaji wameanza kugawa malisho mafungu matatu na kuchoma moja kila mwaka. Nadhani hao ndio watakaodumu.

Jumatano: ndama, seng'enge na hesabu

Ng'ombe hubeba mimba siku 283 kwa wastani, na fahali huachiliwa kwa majike kwa namna ambayo ndama watazaliwa kuanzia Februari hadi Aprili, ili maziwa ya mama yaongezeke wakati nyasi zinapochipuka. Maana yake ni kwamba kipindi kigumu cha uzazi huangukia kwenye theluji na mvua ya barafu. Mke wa mzee, ambaye pia ana ajira mjini kwa sababu bima ya afya ya familia inatokana na ajira hiyo, huamka usiku kwa zamu na mumewe kukagua mitamba inayozaa kwa mara ya kwanza. Ndama aliyezaliwa kwenye baridi asiponyonya dang'a ndani ya saa chache za mwanzo hufa au hukua dhaifu.

Leo alizaliwa mmoja kwenye bonde nikiwapo. Mama yake, ng'ombe mweusi wa aina ya Angus, alikuwa bado akimlamba. Mzee alisimamisha pikapu ikiwa kati yake na mama huyo, akamshika ndama kwa mguu, akampaka kitovu iodini, akamtia hereni ya njano yenye namba ileile ya mama, akaandika kwenye daftari dogo la mfuko wa shati: tarehe, namba, jinsia, na neno moja kuhusu tabia ya mama. Muda wote ule hakumpa ng'ombe kisogo. Madume huhasiwa na kuwa maksai, chanjo hutolewa, na mwezi Oktoba ndama wakiwa na miezi sita au saba na uzito wa kilo 230 hadi 270 huachishwa kunyonya na kuuzwa. Hayo ndiyo mapato makuu ya mwaka mzima, na huja siku moja.

Mchana ulikwenda kwenye seng'enge. Nguzo nyingi ni za mti unaoitwa hapa hedge, mgumu na wa njano ndani, ambao unaweza kukaa ardhini kwa miongo mingi bila kuoza. Waya wenyewe ndio uliobadili maisha ya nchi hii: Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, na katika muda mfupi malisho ya wazi yakafungwa. Tangu hapo mfugaji hakuweza tena kuhama na mvua. Alilazimika kujua eneo lake linabeba ng'ombe wangapi, na akizidisha, adhabu ni yake peke yake.

Usiku mezani tulizungumza hesabu. Kwa vilima hivi, ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji takriban hekta 3 kwa msimu. Kundi la wastani la ng'ombe mama nchini Marekani lina chini ya ng'ombe 50, kwa hiyo wengi huongeza kipato kwa kulima soya au kukata nyasi za marobota kwenye udongo mzito wa bondeni, au kwa kuchunga ng'ombe wa watu wengine. Kazi hiyo ya mwisho ni ya zamani hapa. Tangu enzi za treni, wenye ng'ombe wa Texas wamekuwa wakileta maksai wachanga wakati wa machipuko na kulipa kwa kichwa. Mwenye malisho hulinda uzio, hugawa chumvi, huhesabu mifugo, hutibu macho na kwato. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas waliboresha desturi hiyo: weka ng'ombe mara mbili ya kawaida kuanzia mwezi Mei, lakini waondoe wote katikati ya Julai, nyasi zipate nusu ya pili ya msimu kurudisha nguvu kwenye mizizi. Mzee hufanya hivyo katika vilima viwili. Nilimuuliza kama hashawishiki kuwaacha hadi Septemba mvua inapokuwa nzuri. Alijibu kwamba mvua nzuri ndiyo iliyowafilisi majirani wengi, kwa kuwa waliongeza ng'ombe na mwaka uliofuata ukawa mkavu.

Alhamisi: Konza

Kituo cha utafiti wa mbuga cha Konza kiko karibu na mji wa Manhattan wa hapa Kansas. Vilima vimegawanywa kwa mabonde ya maji, na kila bonde lina ratiba yake ya moto: kila mwaka, kila miaka 2, kila miaka 4, kila miaka 20. Unaweza kusimama kwenye njia moja na kuona miongo ya majaribio kwa jicho tupu. Kulia ni nyasi, kushoto ni vichaka na miti. Hakuna mhadhara niliowahi kuusikia uliosema hivyo kwa uwazi.

Nyati wa Marekani walirudishwa hapa mwaka 1987. Bara hili lilikuwa na mamilioni yao kwa makumi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki mamia machache tu porini. Nyati hupendelea nyasi na huacha mimea ya maua, na hivyo eneo lao lina aina nyingi zaidi za mimea. Mtaalamu mmoja alituonyesha shimo lililochimbwa kando ya Andropogon gerardii, mojawapo ya nyasi ndefu za mbuga hizi: shina hukua kuzidi kimo cha mtu, na mizizi yake hushuka mita 2 na zaidi. Hazina ya mfugaji iko huko chini, na ndiyo maana moto unaweza kupita juu bila kuigusa.

Ijumaa: Abilene

Kituo kifupi. Mwaka 1867 Joseph McCoy, mfanyabiashara kutoka Illinois, alijenga mazizi hapa kando ya reli, na wachungaji wa Texas wakaleta ng'ombe wao kwa miguu kupitia njia ya Chisholm hadi mwaka 1871. Hadithi za wachungaji hao zimesimuliwa vya kutosha. Kilichonivuta mimi ni kupe.

Ng'ombe wa Texas walionekana wazima kabisa, lakini kila walipopita, ng'ombe wa wakulima wa Kansas walikojoa damu na kufa. Wakulima walitunga sheria za kuwazuia, na wengine walisimama barabarani na bunduki. Wafanyabiashara waliwaona wajinga. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne walichapisha uthibitisho kwamba ugonjwa ule ulienezwa na kupe, na huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa mdudu kueneza ugonjwa miongoni mwa wanyama wa kundi letu, wanaonyonyesha. Wakulima walikuwa sahihi tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1906 serikali ilianzisha kampeni ya kuogesha ng'ombe kwenye majosho, na kufikia mwaka 1943 kupe yule alikuwa ametokomezwa isipokuwa kwenye ukanda wa mpaka na Meksiko. Ilichukua miaka 37 ya kuogesha bila kukata tamaa, na nitawaeleza hivyo wenzangu wanaofikiri kwamba josho lililofanya kazi msimu mmoja limetimiza wajibu wake.

Jumamosi: Nicodemus

Magharibi ya Abilene nyasi hufupika na mvua hupungua kila kilomita. Nicodemus ni kijiji kidogo sana kwa sasa, chenye majengo machache ya kihistoria yanayotunzwa tangu mwaka 1996: makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na ukumbi wa mji. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu Weusi, wengi wao kutoka Kentucky, waliokuwa wametoka utumwani miaka 12 tu kabla. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu raia kupata ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi juu yake na kuilima miaka 5.

Waliahidiwa mji, nao wakakuta mashimo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus hiyo hapo, aliangalia asione nyumba. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini, na yeye akaanza kulia. Watu waliishi katika vyumba vilivyochimbwa kwenye kingo za vilima kwa kuwa mbao hazikuwapo. Baadhi ya familia ziligeuka na kurudi. Waliobaki walivunja nyasi ngumu kwa majembe ya mkono na sepetu, kwa sababu farasi walikuwa wachache mno, na majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta bila akiba. Simulizi za wazee zinasema kwamba wawindaji wa kabila la Osage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama.

Miaka michache baadaye walikuwa na magazeti, maduka na benki, na mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Kilichokivunja kijiji si uvivu wala ukame pekee. Mwaka 1888 reli ilijengwa kilomita chache kusini, ng'ambo ya mto, na maduka yakahamia huko. Mkulima asiye na reli alilipa gharama zaidi kufikisha ngano yake sokoni, kwa hiyo alibakiwa na kidogo katika mwaka mzuri na hakubakiwa na kitu katika mwaka mbaya. Hata hivyo wajukuu na vitukuu hurudi kila mwisho wa Julai kuadhimisha siku ya kukombolewa. Nilikaa makaburini muda mrefu nikisoma majina. Katika picha nyingi za mbuga hizi mfugaji ni mzungu mwenye kofia pana, na watu hawa hawamo. Lakini walilima ardhi ileile, wakapigwa na upepo uleule, tena wakiwa wameanza na kidogo kuliko wote.

Jumapili: kuelekea Garden City

Huku gumegume haikuwapo kuilinda nyasi. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, trekta zilifungua mamilioni ya ekari ambazo hazikuwahi kulimwa. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, udongo ulipaa. Tarehe 14 Aprili 1935, Jumapili ya Matawi, wingu la vumbi lililogeuza mchana kuwa usiku lilipita katika nyanda hizi, na mwezi huohuo serikali ikaanzisha idara ya hifadhi ya udongo. Zaidi ya hekta 43,000 katika kona ya kusini magharibi ya Kansas zilinunuliwa na kurudishiwa majani; leo zinaitwa Cimarron.

Katika jitihada za kutafuta majani ya kushika udongo, Wamarekani walitumia mbegu iliyotoka kwetu. Eragrostis curvula, iliyopandwa sana Oklahoma na Texas, ilitokana na mbegu zilizokusanywa Tanganyika mwaka 1927. Nilipolisoma hilo nilifikiria Kongwa, ambako Waingereza mwaka 1947 walileta trekta kulima karanga kwenye nyanda kavu, miaka 12 tu baada ya vumbi la hapa, wakaacha udongo uliogongwa na jua na mradi uliokufa. Mbegu ya dawa ilitoka Tanganyika, lakini somo halikurudi nayo.

Leo majani ya hapa ni ya mahindi. Kila robo maili ya mraba, zile ekari 160 za mlowezi, ina duara la kijani linalomwagiliwa na bomba refu la magurudumu linalozunguka katikati. Maji hutoka kwenye Ogallala, mwamba unaohifadhi maji chini ya ardhi, ambao usawa wa maji yake katika eneo hili umeshuka zaidi ya mita 30 mahali pengine, na mvua haiwezi kurudisha kinachochotwa. Mkulima mmoja aliniambia kwamba visima viwili vya baba yake vimekwisha kufungwa.

Jumatatu: zizi na mnada

Mahindi hayo ndiyo yanayojenga mazizi ya kunenepeshea. Ng'ombe aliyezaliwa vilimani huishia hapa akiwa na kilo 340 hivi, hula nafaka iliyopondwa kwa mvuke kwa miezi mitano au sita, na huondoka akiwa na zaidi ya kilo 600. Kila alfajiri wapanda farasi hupita ndani ya kila boma wakitafuta aliyeinamisha kichwa au aliyechelewa kusimama. Mmoja wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha karibu, kijana Msomali aliyekulia Dadaab, alinisalimu kwa Kiswahili fasaha, akanieleza jinsi baridi ya chumba cha kukatia inavyoingia kwenye vifundo vya vidole.

Mchana tulifika mnadani. Ndama kumi na wawili waliingia ulingoni, mizani ikaonyesha uzito wao juu ya ukuta, dalali akaanza kuimba bei, na katika muda usiozidi dakika moja wakawa wameuzwa. Wanunuzi walikuwa wachache, simu masikioni. Hesabu yao inaanzia nyuma: bei ya ng'ombe aliyenona, ambaye takriban asilimia 85 ya soko lake liko mikononi mwa kampuni 4, kisha gharama ya mahindi, kisha usafiri, kinachobaki ndicho anachopewa aliyemzalisha. Mwenye ndama wale, mzee aliyekuwa ameketi karibu nami, hakutaja bei wala hakuikataa. Nilimuuliza ni kitu gani katika hesabu hiyo yote kilicho chini ya uwezo wake. Alifikiri kidogo, akasema ni idadi ya ng'ombe anaowaweka kwenye nyasi zake na siku anayowaondoa, kisha akainuka kwenda dirishani kuchukua hundi yake.